Nyumba ya Bilhah, Futi Thelathini na Mbili kwa Ishirini na Nne

Phyllis Chepchirchir alikuwa na tabia moja ambayo watu wa Sosiot hawakuipenda. Akikaribishwa nyumbani kwa mtu, kabla hata hajashika kikombe cha chai, macho yake yalipanda kwenye paa, yakateremka ukutani, yakatembea sakafuni, kisha yakarudi kwa mwenyeji yakiwa yameshamaliza kazi. Si kwamba alikuwa na kijicho. Kazi ndiyo iliyomharibu. Alikuwa mkadiriaji wa kontrakta mmoja wa majengo mjini Kericho, bwana aliyeitwa Bethwel, na kwa miaka tisa alikuwa akisimama kwenye viwanja vitupu akisema nyumba itakayojengwa pale itakula mifuko mingapi ya simiti, lori ngapi za mchanga, siku ngapi za mafundi na vibarua, na mikisa, ile mashine ya kuchanganya konkriti, ikodishwe kwa wiki ngapi.

Mwisho wa hesabu aliongeza kile Bethwel alichokiita ovahedi. Huo ulikuwa mshahara wa msimamizi na wa mlinzi, kibanda cha kuwekea vifaa, petroli ya pikapu, kodi ya ofisi, hata majani ya chai ya ofisini. Mteja haoni hata jiwe moja la pesa hizo, lakini bila hizo kontrakta anafunga mlango. Kwa kawaida Bethwel alitaka asilimia kumi na tano. Phyllis alikuwa ameandika kumi na tano hiyo mara nyingi sana hata mkono wake uliiandika wenyewe.

Mwezi wa tisa mwaka wa 1995, Bethwel alimwita akafunga mlango wa ofisi.

"Kuna kazi Kipkelion," alisema. "Upande wa juu wa stesheni. Kanisa fulani linataka kurudisha watu waliofukuzwa na vile vita vya kikabila vya tisini na mbili. Wanaanza na mama mmoja Mkisii, mjane, waone itakuwaje. Kamati inataka makadirio kwa maandishi kabla ya kutoa pesa."

"Ramani iko wapi?"

"Hakuna ramani."

"Basi nipime nyumba iliyoungua."

"Hakuna nyumba pia," Bethwel alisema. "Kuna mama tu. Anasema anaikumbuka."

Mama huyo aliitwa Bilhah. Phyllis alimkuta asubuhi ya pili kwenye ua wa kanisa, amekaa juu ya benchi, viatu vya raba miguuni, kitambaa cheupe kichwani, mkoba mweusi magotini. Alikuwa na miaka sitini na kitu. Yeye na mumewe Gichana walitoka Kisii wakanunua shamba kule juu mwaka wa 1964, wakalima mahindi na pareto, wakazaa watoto watano. Gichana alikufa mwaka wa 1989. Alikufa kitandani, na Bilhah alilisema neno hilo kama mtu anayetaja bahati.

Phyllis aliendesha pikapu mwenyewe. Njiani alijaribu kuuliza maswali ya kazi, vyumba vingapi, kuta za nini, lakini Bilhah alimjibu kwa upole, "Nitakuonyesha, mwanangu. Tukifika nitakuonyesha."

Walipofika hakukuwa na kitu cha kuonyeshwa. Palikuwa na mteremko wa nyasi zilizofika kiunoni, miwati michanga iliyojiotea ovyo, na ukungu uliokuwa ukishuka polepole kutoka upande wa Tinderet. Ng'ambo ya ua wa michongoma lilikuwa boma la jirani, moshi ukitoka jikoni. Phyllis alitafuta kwa macho, kama alivyozoea, alama ya msingi, lundo la mawe, kipande cha ukuta. Hakuona hata kimoja.

Akiwa bado anatafuta, ng'ombe sita walitokea kwenye njia ya juu, nyuma yao mwanamke kijana mwenye fimbo. Walishuka moja kwa moja kuelekea pale Phyllis aliposimama. Kisha yule wa mbele akakata kona. Pasipo na ua, pasipo na shimo wala mti, aligeuka kushoto, akatembea hatua kumi hivi kwa mstari ulionyooka, akageuka tena kulia akaendelea na mteremko. Wote sita walifanya hivyo hivyo, kwato zao zikikanyaga kijia chembamba kilichopinda kama pembe ya meza.

"Chamgei," Phyllis alimsalimu yule mwanamke. "Kwani hapo kuna nini? Mbona hawapiti katikati?"

Mwanamke alimtazama Bilhah, akatazama chini. "Wamezoea," alisema, akawafuata ng'ombe wake.

Bilhah hakuonekana kushangaa. Aliweka mkoba kwenye boneti ya pikapu, akatembea hadi mahali fulani kwenye nyasi, akasimama. Akapangusa viatu vyake, cha kulia, cha kushoto. Kisha akainua mguu juu, kama mtu anayevuka kizingiti, akaingia.

"Karibu ndani," alisema.

Phyllis alisimama nje, tepu ya kupimia mkononi, asijue acheke au aombe. Mwishowe alivuka pale pale alipovuka mwenzake. Alijiona mjinga, lakini alivuka.

"Hapa ni sebule," Bilhah alisema. "Viti vilikaa hivi. Hapa ukuta." Alipiga hewa kwa kiganja, na mkono wake ukasimama kama uliogusa mbao. Alitembea kando ya ukuta huo, bega lake likiwa karibu nao, akafika mahali akapinda, akapita kiubavu. "Mlango huu ulikuwa mwembamba. Gichana alikosea. Hapa chumba chetu. Dirisha la mashariki. Hapa chumba cha wasichana. Sasa huku, uje huku..." Alipita ukumbini, ukumbi ambao ulikuwa nyasi na miiba, na hakupita hata mara moja mahali ambapo tayari alikuwa ameshasema kuna ukuta. Phyllis alimfuata akisukuma vigingi vya mti ardhini kila pembe ilipotajwa.

"Usisimame hapo, mwanangu. Hapo ni motoni."

Phyllis aliruka kabla hajafikiri. Kisha aliona aibu, akachukua jembe kutoka kwenye pikapu akakwangua pale alipokuwa amesimama. Chini ya mizizi ya nyasi, kiasi cha shubiri moja, udongo uligeuka ukawa wa kijivu. Majivu. Na katikati ya majivu hayo mawe matatu yalikuwa bado yamekaa kama yalivyowekwa.

Hapo ndipo alipoacha kumwonea huruma mama huyo akaanza kumwogopa kidogo.

Alipima. Kutoka kigingi cha kwanza hadi cha pili, futi thelathini na mbili. Upande mfupi, ishirini na nne. Mkadiriaji yeyote anajua kwamba ukiwa na nyumba ya namna hiyo, ukipima kutoka pembe hadi pembe, kwa mkingamo, unapaswa kupata futi arobaini kamili, na usipopata, nyumba imekaa upande. Mafundi wazoefu wakiwa na kamba na vigingi hukosea inchi mbili tatu. Alimpa Bilhah ncha ya tepu, akavuta. Arobaini. Wakaenda kwenye pembe nyingine. Arobaini na nusu inchi.

Mama mzee alikuwa amepita kwenye nyasi ndefu, kwa miguu, bila kamba, baada ya miaka mitatu na nusu, na amekosea nusu inchi.

"Hiyo nusu ilikuwapo tangu zamani," Bilhah alisema alipoonyeshwa. "Pembe ya kule. Gichana alisema hakuna atakayejua."

Phyllis alichimba kwenye pembe ya kule akapata jiwe la msingi, jeusi kwa moshi, limetokeza nje kidogo kuliko linavyotakiwa.

Baada ya hapo aliandika tu. Msingi wa mawe, futi mbili kwenda chini. Kuta za mbao. Madirisha manne yenye vyuma vilivyochomelewa kwa mfano wa jua linalochomoza. Mlango wa mbele wa mtarakwa, futi saba kwa tatu na nusu, rangi ya kijani, na chini kipande cha bati kilichopigiliwa ili mbwa asiukwaruze. Mabati sabini na mawili ya futi nane.

Jirani aliwaita wanywe chai. Kukataa kungekuwa kutangaza jambo, kwa hiyo walikwenda. Mwenye boma alikuwa mzee Kipngetich, macho yake yakiwa na utando mweupe, na yule mwanamke wa ng'ombe alikuwa mke wa mwanawe, jina lake Sally. Phyllis alipofika mlangoni, macho yake yalifanya kazi kabla hajayaamuru. Nyumba ilikuwa fupi, lakini mlango ulikuwa mrefu, hata ukuta juu yake ulikuwa umekatwa na kuongezewa mbao ili uingie. Futi saba kwa tatu na nusu. Rangi ya kijani. Chini, kipande cha bati.

Alimtazama Bilhah. Bilhah aliupita mlango huo bila kuugusa, akaketi kwenye kiti kinachoutazama, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Kikombe cha Sally kiligongana na birika.

"Mama Mageto," mzee alisema, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Umerudi."

"Nimerudi kuangalia, mzee."

"Nyumba yako naiona." Mzee alisema hivyo taratibu, uso wake ukiwa umeelekea ukutani. "Mimi sioni vizuri siku hizi. Watu siwaoni, ng'ombe wangu siwaoni. Lakini asubuhi nikifungua, ile naiona. Imesimama pale. Watoto wananiambia hakuna kitu, mzee. Mimi nanyamaza."

Bilhah alikunywa chai yake yote, polepole, macho yakiwa mlangoni. Alipomaliza alishukuru, wakaondoka.

Walikuwa wamevuka reli tayari Bilhah alipoanza kuzungumza, bila kuulizwa, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo.

"Yale mabati Gichana hakuyanunua siku moja. Ilikuwa mawili, matatu, kila tukiuza pareto. Miaka minne. Kila bati aliliandika nambari kwa rangi nyekundu, upande wa chini, karibu na ncha. Moja mpaka sabini na mbili. Nilimcheka. Nilimwambia nani ataiba bati."

Gia ilisaga. Phyllis alikanyaga klachi tena akajaribu upya.

"Umechoka, mwanangu," Bilhah alisema.

"Ndiyo, mama," alijibu.

Jua lilikuwa bado juu alipofika nyumbani. Hakuingia nyumba kubwa. Alikwenda moja kwa moja jikoni, jengo dogo la nyuma ambalo yeye na mumewe Weldon walilijenga mwishoni mwa mwaka wa 1992, akapanda juu ya stuli, akachukua kitambaa chenye maji, akasugua masizi kwenye bati lililo juu ya meko. Masizi ya miaka mitatu hayatoki upesi. Alisugua mpaka maji meusi yakamtiririkia kwenye kiwiko. Kwanza ikatoka alama kama ndoana. Kisha ikawa tatu. Kando yake, saba.

Thelathini na saba.

Si kwamba hakuwahi kuziona. Hilo ndilo lililomfanya ashuke kwenye stuli na kukaa chini. Jiko likiwa jipya, kabla masizi hayajafunika, alizikuta nambari hizo kila asubuhi akichochea uji, akadhani ni alama za dukani au za fundi. Alikuwa amewahi hata kuzijumlisha, kwa mchezo, akisubiri maziwa yachemke.

Na alikumbuka kitu kingine. Jiko hilo alilikadiria yeye mwenyewe kwenye karatasi ya mraba, kwa penseli, kwa bei za madukani. Weldon, ambaye alikuwa dereva wa lori la kubeba majani chai, alirudi jioni moja na mabati kumi na manne, akataja bei. Ilikuwa haifiki theluthi ya ile aliyoiandika. Mtu ambaye kazi yake yote ni kujua bei za vitu alichukua penseli, akapiga mstari juu ya hesabu yake, akaandika ile mpya. Hakuuliza. Alikumbuka hata sauti ya penseli.

Weldon alimkuta bado amekaa pale.

"Nani alikuuzia haya?"

Weldon alifuata kidole cha mkewe, akaona sehemu iliyosuguliwa.

"Nilinunua," alisema. "Barabarani, upande wa Londiani. Watu walikuwa na mengi. Nililipa, Phyllis."

"Yalikuwa na matundu ya misumari."

"Yalikuwa nayo."

"Uliuliza yalitoka wapi?"

"Wewe uliniuliza?"

Hawakugombana. Pengine ingekuwa nafuu. Usiku ule mvua ilinyesha, na kila mmoja alijua mwenzake yuko macho, anasikiliza inavyopiga jikoni.

Siku tatu zilizofuata Phyllis alifanya hesabu ofisini. Mawe, trekta la kuyaleta kutoka machimboni, mchanga, simiti, mbao, misumari. Mikisa hakuiweka, nyumba ya ukubwa ule ingechanganyiwa kwa sepetu na karai, na barabara ile ingeivunja mashine kabla haijafika. Ngazi mbili, wilbaro tatu, mbao za kusimamia mafundi. Alipofika kwenye ovahedi mkono wake ulisita, akampelekea Bethwel ile karatasi jinsi ilivyo.

Bethwel alisoma, akavua miwani. "Weka arobaini."

"Asilimia arobaini? Ya nini?"

"Ya hatari. Walinzi wanne, bima, magari yakichomwa. Wewe unajua kule." Alishusha sauti. "Sitaki kazi hii, Chepchirchir. Lakini siwezi kukataa kanisa. Tukiweka arobaini, watakataa wenyewe. Hivyo ndivyo watu wazima wanavyosema hapana."

Ilikuwa kweli. Phyllis alikuwa ameshawahi kuandika hapana za namna hiyo, mara mbili tatu, kwa wateja wakorofi. Aliitazama karatasi. Alijiuliza hofu inapimwaje, kwa futi au kwa siku. Na alijiuliza ni nani anayepaswa kuilipia, mama aliyefukuzwa au wale ambao wamekuwa wakilala chini ya vitu vyake.

"Jikoni kwangu kuna mabati kumi na manne ya huyu mama," alisema. "Yana nambari za mume wake. Mlango wake uko kwa jirani. Kama ni hatari, mzee, mimi ni sehemu yake. Nitaiwekaje kwenye bei yake?"

Bethwel aligeuka akatazama dirishani, ambako hakukuwa na cha kutazama isipokuwa ukuta wa posta. Alikaa hivyo mpaka simu ikalia na kunyamaza.

"Usiniambie mengine," alisema hatimaye. "Weka kumi na tano. Mlinzi mmoja. Usimamizi utafanya wewe."

Kabla ya kupeleka makadirio, Phyllis alikwenda kwenye ua wa kanisa akamweleza Bilhah, akiwa amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Hakuacha kitu. Alieleza hata habari ya penseli.

Bilhah alifikiri. "Yalivuja?"

"Hapana, mama. Hayajawahi kuvuja."

"Gichana alichagua mabati mazuri," alisema.

Kazi ilianza Januari. Wiki ya kwanza, Weldon alipanda juu ya jiko akang'oa mabati yote kumi na manne, akayapanga kwa nambari, kuanzia thelathini na moja hadi arobaini na nne, akayabeba kwa pikapu mpaka Kipkelion. Aliyashusha mchana kweupe, majirani wote wakitazama kutoka nyuma ya michongoma. Alivua kofia mbele ya Bilhah, akashindwa kusema aliyokuja kusema, akarudi nyumbani. Miezi miwili Phyllis alipikia chini ya turubai.

Mlinzi aliyeajiriwa aliitwa Makori, mtu mzima aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya chai. Asubuhi ya tatu baada ya Weldon kuleta mabati, Makori alimngojea Phyllis barabarani.

"Madam, njoo uone. Mimi sikulala. Naapa sikulala."

Kando ya mawe ya msingi palikuwa na mabati sita, yamelazwa kwa utaratibu, upande wa nambari ukiwa juu. Majani yalikuwa na umande, na juu ya umande hapakuwa na alama ya mguu ila za Makori.

"Ulisikia nini?"

"Mbwa wa hapa wanabweka usiku kucha. Jana kuna wakati walinyamaza. Wote. Nilisikia wakinyamaza."

Kesho yake yalikuja mabati tisa na dirisha moja lenye vyuma vya jua linalochomoza. Kisha bawaba, zimefungwa kwenye kitambaa. Kisha jiwe la kusagia. Kisha cherehani isiyo na meza, imefunikwa kwa gunia isiloe. Makori aliomba apewe mwenzake, si kwa sababu ya wezi, alisema, bali kwa sababu ya hawa wengine. Phyllis alipiga hesabu akamkatalia, halafu usiku mmoja baada ya mwingine akajuta. Mchana majirani walipita, wakasalimu, wakauliza kama mvua itawahi mwaka huu. Hakuna aliyetazama lundo. Lilikuwa likikua katikati yao kama kitu kinachoota, na wao walilizunguka kama ng'ombe walivyoizunguka ile nyumba isiyokuwapo.

Phyllis alikuwa na daftari la vifaa. Kila asubuhi alikata kitu kimoja au viwili kwenye orodha ya kununua, na bei ya nyumba ikashuka. Katika kazi yake yote hakuwahi kuona bei ikishuka ujenzi ukiendelea. Ilimtisha kuliko ambavyo ingemtisha kupanda.

Siku ya kumaliza paa, yapata saa nne asubuhi, watu wanne walitoka kwenye boma la Kipngetich wamebeba mlango wa kijani. Mzee alitangulia, mkono begani kwa Sally. Nyuma yao, kwenye nyumba yao, mahali pa mlango palikuwa pametundikwa gunia. Walikuja bila kujificha, juani. Mafundi waliacha kupiga nyundo.

"Mama Mageto," mzee alisema. "Waliochoma walisema mlango huu usipochukuliwa utaungua. Nikasema nitakuwekea. Baadaye nikauzoea." Alitafuta maneno. "Mlango ukiuzoea, unasahau."

Bilhah alishuka ngazi mbili za mbele, akaugusa mlango kwa vidole, kutoka juu mpaka kwenye kile kibati. "Uleteni ndani," aliwaambia.

Watu walidhani hapo ndipo mwisho. Lakini kesho yake asubuhi Makori alikuwa tena barabarani, na safari hii hakuapa chochote. Aliongoza tu.

Milango ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta mpya, mmoja kando ya mwingine. Mmoja ulikuwa wa mbao za mwati, mwingine wa bati la debe, mwingine bado na kufuli lake, limefungwa, ufunguo haupo. Wiki hiyo iliongezeka mpaka ikafika kumi na mmoja. Phyllis alifungua makadirio yake, akayasoma kutoka mwanzo, ingawa alijua vizuri kwamba nyumba ya Bilhah ilihitaji mlango mmoja wa nje tu, na mlango huo ulikuwa umeshatiwa bawaba.

"Mama, hii si yako."

"Si yangu." Bilhah alipita mbele yake kama mtu anayepita mbele ya watu waliopanga foleni. "Huu wa Kebaso. Huu wa mwalimu Elmina, angalia alama za chaki. Huu wa watu wa pale chini, mume alikuwa fundi viatu. Huu..." Alifika kwenye ule wenye kufuli. Aliutazama sana. "Huu siujui."

Vibarua hawakutaka kufanya kazi karibu na ukuta huo. Walisema mtu akiupa mgongo anajisikia kama anangojewa. Phyllis alichukua mbao zilizobaki, na zile pesa zilizookolewa kwenye mabati, akajenga kibanda nyuma ya nyumba, futi kumi kwa sita, milango ikaingizwa humo ikasimamishwa wima. Kwenye hesabu ya mwisho alikiandika kama "stoo". Kamati ililipa bila kuuliza.

Bilhah alihamia mwezi wa nne. Mwishoni mwa mwaka uliofuata, uchaguzi ulipokaribia, watoto wake walimtumia ujumbe aondoke. Alikataa. Kwa wiki tatu Phyllis hakulala vizuri kule Sosiot. Kila gari lililosimama nje alidhani ni habari. Uchaguzi ulipita. Ng'ombe wa Kipngetich walikata kona yao kama kawaida, sasa kando ya ukuta wa kweli, na mzee, ambaye alikuwa haoni kabisa, akawaambia wajukuu kwamba siku hizi ile nyumba haioni tena.

Kebaso alikuja kuchukua mlango wake. Mwalimu Elmina alituma shemeji. Ya watu wengine tisa ilibaki, na kila Jumamosi Bilhah aliipangusa vumbi.

Mwaka wa 1998, mwezi wa sita, Phyllis alikuwa amekwenda kumjulia hali walipomwona mwanamke mmoja mgeni akipanda kutoka stesheni, koti la kahawia, hana mzigo. Alisalimu kwa kichwa, akauliza kama ni hapa penye milango. Bilhah alimfungulia kibanda. Mgeni alisimama mbele ya ule wenye kufuli, akaweka kiganja juu ya mbao, akaegemeza sikio. Alikaa hivyo kwa muda, kama mtu anayesikiliza kama kuna watu ndani. Kisha akatoa ufunguo mfukoni. Hakufungua. Aliutundika kwenye msumari uliokuwa ukutani, akaomba maji, akanywa, akarudi kwa njia aliyojia.

"Nimkimbilie nimuulize jina?" Phyllis alisema.

"Mwache," Bilhah alijibu, akifunga kibanda. "Angetaka tulijue angelisema."

Ufunguo ule haukujaribiwa. Phyllis alirudi Kericho kukadiria nyumba ya Kebaso, ambayo kamati ilikuwa imeshaikubali. Kwenye safu ya ulinzi aliandika mlinzi mmoja, mwezi mmoja na nusu, na kwenye safu ya milango, pa kuandika bei, akachora mstari.